Nani agawe anwani nyumbani: ruta, dnsmasq, Pi-hole au Kea?

Waifai inaonekana imekamata vizuri, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Ukichungulia maelezo ya mtandao kwenye laptopu unakuta anwani inayoanza na 169.254. Hakuna aliyeitoa hiyo. Laptopu iliuliza nani atanipa anwani, ikangoja, ikaona kimya, ikajiokotea namba kutoka kwenye fungu lililowekwa maalumu kwa hali kama hiyo. Aliyepaswa kugawa anwani nyumbani kwako hajibu.

Mgawaji huyo ni seva ya DHCP. Utaratibu wake ulichapishwa Machi 1997 kwa jina la RFC 2131, mwandishi akiwa Ralph Droms, na simu uliyonunua juzi bado inaufuata. Kifaa kisicho na anwani hupaza sauti kwa mtandao mzima. Seva hupendekeza anwani, kifaa huiomba rasmi, seva huthibitisha. Pamoja na anwani hiyo, kifaa huelezwa lango la kutokea kwenda intaneti, seva ya DNS ya kuulizia majina, na muda wa kukaa nayo. Anwani ni ya kukodi, na kodi huwa na mwisho.

Katika nyumba nyingi ruta ndiyo inayofanya kazi hii na hakuna anayeiwazia. Swali huja siku unapoweka seva yako, iwe laptopu ya zamani uliyoipiga Debian, Raspberry Pi nyuma ya televisheni, au kompyuta ndogo iliyotoka ofisini. Sasa una mashine isiyolala. Je, nayo ndiyo igawe anwani? Na kama ndiyo, kwa programu ipi?

Vipimo nilivyotumia

Kipimo changu cha kwanza, na kilicho kizito kuliko vyote, ni hiki: umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, wewe ukiwa safarini, nyumba itarudi hewani yenyewe? Seva ya filamu ikizima, watu hukosa filamu. Seva ya DHCP ikizima, printa, simu, televisheni na kamera za ulinzi hukwama pamoja, na anayepigiwa simu ni wewe.

Vingine ni ugumu wa kuianzisha. Urahisi wa kukitengea kifaa anwani yake ya kudumu. Majina, yaani kama utaweza kuita «printa» badala ya kukariri 192.168.1.10, namna ya kuona kinachoendelea na kuitunza, na nafasi ya kukua.

Kasi sikuiweka. Mwongozo wa dnsmasq wenyewe unasema programu hiyo inahimili angalau vifaa elfu moja, na Kea iliandikwa kwa mitandao mikubwa zaidi ya hapo. Nyumba yenye vifaa 30 haitaitoa jasho hata Raspberry Pi ya zamani.

Wanne wenyewe

Ruta uliyopewa na kampuni ya intaneti, au uliyonunua dukani, ina seva ya DHCP ndani yake. Mara nyingi iko tayari tangu unaifungua kwenye boksi.

dnsmasq ni programu ndogo ya Simon Kelley, iliyopo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Inaunganisha DHCP na DNS mahali pamoja, na mipangilio yake hukaa kwenye faili moja la maandishi, /etc/dnsmasq.conf. Mfumo wa OpenWrt unaoendesha ruta nyingi huitumia hiyohiyo.

Pi-hole inajulikana zaidi kwa kuzuia matangazo, lakini ina ukurasa wa DHCP. Ndani yake ni dnsmasq iliyofanyiwa marekebisho, ikavishwa sura nzuri ya kubofya kwenye kivinjari. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ninayoyasema kuhusu dnsmasq yanaihusu pia, na nitaitaja peke yake pale inapotofautiana.

Kea inatoka ISC, shirika lilelile linalotunza BIND, seva ya DNS. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwishoni mwa 2015. Mipangilio huandikwa kwa JSON, muundo wa maandishi yaliyopangwa ndani ya mabano, na kumbukumbu za anwani zinaweza kukaa kwenye faili la kawaida au kwenye hifadhidata kama MySQL na PostgreSQL.

Kuna wa tano ambaye simweki kwenye shindano. Miongozo mingi ya zamani itakuambia usakinishe isc-dhcp-server na uhariri /etc/dhcp/dhcpd.conf. ISC waliacha kuitunza mwishoni mwa 2022. Kama inafanya kazi kwako leo haitazima kesho, lakini anayeanza sasa asianze nayo.

Kuianzisha

Kwa ruta hakuna cha kuanzisha. Unaingia kwenye ukurasa wake, unaangalia anwani zinaanzia wapi na kuishia wapi, basi.

Pi-hole inafuata kwa wepesi. Ukishaisakinisha, unafungua ukurasa wa DHCP, unajaza anwani ya mwanzo, ya mwisho, na ya ruta, kisha unahifadhi. Anayeiendesha ndani ya Docker, yaani ndani ya kontena lililotengwa na mashine, ndiye anayepata kazi zaidi, kwa kuwa ukelele wa kwanza wa kifaa haupenyi kwenye mtandao wa ndani wa Docker. Itabidi kontena litumie mtandao wa mashine yenyewe na lipewe ruhusa ya kusimamia mtandao, NET_ADMIN.

dnsmasq inahitaji mistari michache tu:

interface=eth0
dhcp-range=192.168.1.50,192.168.1.150,12h
dhcp-option=option:router,192.168.1.1
dhcp-option=option:dns-server,192.168.1.1

Mstari wa tatu usiusahau. Usipoandika, dnsmasq huviambia vifaa kwamba lango ni yenyewe, yaani seva yako, na seva yako huenda haipeleki data popote. Mara ya kwanza nilipoiweka mimi, vifaa vyote vilipata anwani safi kabisa na hakuna hata kimoja kilichofika intaneti. Nilipoteza jioni nzima nikikagua kebo. Kea ina tabia tofauti hapa: usipoitajia lango haitatoa lango lolote. Matokeo ni yaleyale, intaneti hakuna, ila ukiangalia mipangilio ya simu sababu inaonekana upesi.

Kwenye Ubuntu dnsmasq inaweza kugoma kuwaka kwa sababu systemd-resolved, huduma ya majina ya Ubuntu yenyewe, imeshakalia mlango namba 53 wa DNS. Kama unachotaka ni DHCP peke yake, ongeza port=0 na sehemu ya DNS itazimwa kabisa. Nitarudi kwenye mstari huu mdogo, kwa sababu una faida nyingine kubwa.

Kea inadai subira zaidi. Unaandika kiolesura cha mtandao (jina la kadi, kama eth0), subneti (eneo zima la anwani za mtandao wako), fungu la anwani, muda kwa sekunde (43200 kwa masaa 12), kila kitu ndani ya mabano yake, na koma moja iliyopotea huizuia kuwaka. La kushukuru ni kwamba amri ya kea-dhcp4 -t hukagua faili kabla hujaiwasha na kukutajia mstari wenye kasoro. dnsmasq nayo ina dnsmasq --test. Jizoeze kuzitumia hizi kila unapogusa faili.

Kuna tofauti moja ya fayawoli inayowachanganya wengi. Kea kwa kawaida husoma moja kwa moja kwenye kadi ya mtandao, chini ya fayawoli, hivyo hufanya kazi hata kama hujafungua mlango. dnsmasq hupitia njia ya kawaida. Ukiwa na ufw, fayawoli ya Ubuntu, lazima uruhusu mlango wa DHCP, 67/udp. Mtu aliyehama kutoka programu moja kwenda nyingine kwenye mashine ileile hushangaa kwa nini ya pili haisikii chochote.

Umeme unaporudi

Hapa nakaa kidogo.

Kwanza, hesabu ya muda wa kukodi. Chukua masaa 12. Kifaa hakingoji yaishe. Yakifika 6 kinaomba kuongezewa kwa seva ileile iliyokipa. Kisipojibiwa kinaendelea kujaribu, na ikifika asilimia 87.5 ya muda, yaani masaa 10 na nusu, kinapaza sauti kwa seva yoyote iliyopo. Kwa hiyo seva yako ikifa ghafla mchana, vifaa vilivyokwisha kuunganishwa vina takriban masaa 6 au zaidi kabla ya kunyang'anywa anwani. Ukiweka masaa 24, vina 12. Ndiyo maana siwashauri watu wa nyumbani waweke saa moja, ambayo ndiyo dnsmasq hutumia kwa IPv4 (anwani za aina ya 192.168.1.10) usipoitajia muda.

Umeme ukikatika mambo hubadilika. Ruta inazima, waifai inapotea, na ikirudi kila kifaa kinaulizia anwani tena. Vingine vikikosa jibu hukubali kuendelea na anwani ya zamani ambayo muda wake haujaisha. Vingine huanza upya kabisa, na hivyo ndivyo vitakavyokwama kama seva haijaamka.

Kwa ruta, tatizo hili halipo. Waifai na ugawaji wa anwani viko kwenye boksi moja. Kimoja kikiwaka na kingine kimewaka. Sijaona njia nyingine inayoishinda hapa. Kasoro yake ni kwamba ruta nyingi za bei nafuu huweka orodha ya anwani kwenye kumbukumbu ya muda, hivyo ikizima husahau nani alikuwa na nini. Vifaa vingi huomba tena anwani yao ya awali, kwa hiyo madhara si makubwa.

dnsmasq na Pi-hole hutunza orodha kwenye diski. Tena dnsmasq ina tabia ninayoipenda sana: huchagua anwani kwa kukokotoa kutoka kwenye namba ya kadi ya mtandao ya kifaa (MAC), hivyo hata orodha ikifutika yote, kifaa kilekile huelekea kupata anwani ileile. Cha kuangalia ni mpangilio wa bind-interfaces. Ukiwa nao, na kadi ya mtandao ikachelewa kuamka, dnsmasq hukata tamaa na kuzima. Tumia bind-dynamic, itangoja kadi itokee.

Kea nayo ina mtego wa aina hiyo. Ikiwaka kabla kadi haijawa tayari, inaweza kubaki hai huku haisikii lolote, na ukiangalia hali ya huduma unaona kijani. Weka service-sockets-max-retries pamoja na muda wa kungoja kati ya jaribio na jaribio, na tatizo linaondoka. Upande wa pili, Kea ndiyo pekee kati ya hizi nne inayojua kufanya kazi wawili wawili, mashine moja ikizima nyingine inashika usukani. Nyumba yenye seva mbili inaweza kufaidika nalo.

Pili, mashine yenyewe. Raspberry Pi huwaka yenyewe umeme unapoingia. Kompyuta ya mezani huwaka ukiwa umeiambia kwenye BIOS. Laptopu ya zamani ndiyo yenye hatari: betri ikiwa nzima inakufaa kama UPS (betri ya akiba) ya bure, lakini betri ikishakufa, laptopu nyingi hazina namna ya kujiwasha zenyewe, na seva italala hadi mtu abonyeze kitufe. Chomoa chaja na ujaribu kabla hujaikabidhi nyumba nzima. Na kwa Raspberry Pi, memori kadi huharibika kwa kukatikiwa umeme ikiwa katikati ya kuandika. Mtu mwenye UPS ndogo inayolisha ruta na Pi pamoja amejiepusha na mengi.

Tatu, DNS. Wengi hulisahau hili. Nilisema seva ikizima vifaa vina masaa 6. Lakini kama seva hiyo ndiyo pia inayojibu majina, kama ilivyo kwa Pi-hole na kwa dnsmasq iliyoachwa katika hali yake ya kawaida, hakuna masaa 6. Anwani zipo, majina hayapatikani, na kwa mtu aliyeketi sebuleni intaneti imekufa papo hapo. Hapo ndipo port=0 inapokuja: dnsmasq inagawa anwani, ruta inaendelea kujibu majina, na kuzima kwa seva hakuhisiwi mara moja. Unapoteza majina ya ndani, unapata usingizi. Kwa Pi-hole huwezi kufanya hivyo bila kuua sababu ya kuwa nayo. Kuweka DNS ya pili ya nje kunasaidia nusu tu, maana vifaa vingi hutumia yoyote kati ya mbili, na matangazo yatapenya.

Kutenga anwani za kudumu

Kisanduku cha kamera, printa, na seva ya mafaili vinataka anwani isiyobadilika. Ruta nyingi zina ukurasa wa kutenga kwa namba ya MAC. Baadhi huweka kikomo cha idadi, baadhi hukubali tu anwani zilizo ndani ya fungu, na karibu zote zitapoteza kazi yako siku fundi atakapoiweka upya au kukuletea nyingine. Piga picha ya ukurasa huo.

Kwa dnsmasq ni mstari mmoja kwa kila kifaa, dhcp-host=aa:bb:cc:dd:ee:ff,192.168.1.10,printa, na anwani inaweza kuwa nje ya fungu la kugawa ilimradi iko kwenye subneti ileile. Pi-hole hufanya hivyohivyo kwa kubofya. Kea huandika kitu hichohicho ndani ya "reservations", kwa maneno marefu zaidi, na ni vizuri kuziweka anwani hizo nje ya fungu. Faili likiwa la maandishi unalinakili kwenye flashi, na siku mashine ikifa unarudisha kila kitu kwa dakika chache.

Simu ni habari tofauti. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hutumia namba ya MAC ya kubuni kwa kila mtandao ili kulinda faragha ya mwenyewe. Ukitenga anwani kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi la simu hutaona matokeo. Chukua ile inayoonekana kwenye orodha ya seva, au zima kipengele hicho kwa mtandao wa nyumbani peke yake.

Majina

dnsmasq na Pi-hole zinang'ara hapa. Kwa kuwa DHCP na DNS ni programu moja, kifaa kikijitaja jina wakati wa kuomba anwani, jina hilo linafanya kazi papo hapo nyumba nzima, ilimradi kwenye dnsmasq umeondoa ule mstari wa dns-server unaovielekeza vifaa kwa ruta. Tumia home.arpa kama kikoa cha ndani. Kilitengwa mwaka 2018 mahususi kwa nyumba. Epuka .local, kwa kuwa ina utaratibu wake mwingine unaotumiwa na printa na vifaa vya Apple.

Kea haijibu majina. Inaweza kuipelekea BIND habari za kila anwani mpya kupitia programu yake ya pembeni, lakini hiyo ni seva ya pili ya kujifunza na kutunza. Ruta zenye OpenWrt hufanya vizuri kama dnsmasq, kwa sababu ndiyo hiyohiyo. Nyingi za kampuni hazikupi majina ya ndani ya kutegemewa.

Kuona na kutunza

Ruta itakuonyesha orodha ya vifaa, na kwa kawaida haikuambii kwa nini kifaa fulani kimekosa anwani. Pi-hole inaonyesha orodha hiyo kwa uzuri zaidi, hata mtu asiyejua amri anaielewa. dnsmasq huandika kila hatua. Ukitazama journalctl -u dnsmasq -f huku mtu akiunganisha simu, utaona DHCPDISCOVER, DHCPOFFER, DHCPREQUEST na DHCPACK zikipita moja baada ya nyingine. Ukiona ya kwanza bila ya pili, seva imesikia lakini haina cha kutoa; angalia fungu na kiolesura. Usipoona hata ya kwanza, ukelele haujafika. Angalia kebo na fayawoli. Kwangu mimi hili ndilo somo bora la mtandao ambalo mtu anaweza kulipata nyumbani. Kea ina kumbukumbu za kina pia, na ISC wana dashibodi iitwayo Stork, ila Stork inadai PostgreSQL yake, na kwa nyumba moja naona ni mzigo.

Masasisho ni jambo la kuchukulia kwa uzito. Oktoba 2017 watafiti wa Google walitangaza mapungufu saba ya usalama ndani ya dnsmasq, na Januari 2021 yakatangazwa mengine saba yaliyopewa jina DNSpooq. Kwenye Debian yako hayo huzibwa kwa apt upgrade. Kwenye ruta yenye dnsmasq ndani yake na ambayo mtengenezaji ameiacha, hayazibwi.

Kukua

Ukitaka kutenganisha wageni, kamera na kompyuta za kazi kwa VLAN, yaani mitandao tofauti juu ya vifaa vilevile, dnsmasq na Kea zinakubali mafungu mengi. Ukurasa wa Pi-hole umejengwa kwa fungu moja. Zaidi ya hapo unaandika mistari ya dnsmasq kwa mkono. Ruta ya kawaida inaishia kwenye mtandao wa wageni. Ukitaka kuwasha kompyuta bila diski kupitia mtandao, dnsmasq ina seva ya TFTP, ya kupakulia mafaili ya kuwashia, ndani yake, Kea itakuhitaji uongeze programu nyingine. Kwa IPv6, aina mpya ya anwani, dnsmasq yenyewe huvitangazia vifaa ruta kwa mpangilio wa enable-ra. Kea inahitaji programu ya radvd pembeni.

Kwa hali yako

Kama unaishi na watu wasiopenda kugusa kompyuta na wewe husafiri mara kwa mara, iache ruta igawe. Tenga anwani ya seva na printa humohumo, piga picha ya ukurasa, na tumia seva kwa kazi nyingine. Wenye seva nyumbani wengi huona aibu kubaki na ruta, hakuna sababu.

Kama ulishaweka Pi-hole kuzuia matangazo na ruta yako haikuruhusu kubadilisha DNS inayotangaziwa vifaa, kuipa Pi-hole na DHCP kunakata mzizi wa tatizo, na utaona kila kifaa kwa jina lake badala ya kuona maombi yote yakitoka kwa ruta. Nyumba itaitegemea, kwa hiyo iwe kwenye mashine inayojiwasha yenyewe, na UPS ikiwezekana.

Kama unapenda faili la maandishi, unataka majina, au una mpango wa kujifunza mtandao kwa undani, dnsmasq inatosha kwa miaka. Mwenye hofu ya kukata mtandao wa familia aanze na port=0, aongeze DNS akishazoea.

Kea inamfaa mwenye seva mbili anayetaka moja ishike nafasi ya nyingine, mwenye subneti nyingi, au anayejiandaa kwa kazi ya utawala wa mitandao na anataka kukutana nyumbani na kile atakachokikuta kazini. Pia mtu anayehama kutoka isc-dhcp-server atakuta fikra zinafanana, ingawa maandishi ni mapya.

Kuna hali moja ngumu: ruta ya kampuni isiyokubali kuzimwa DHCP yake. Seva mbili zikigawa kwenye mtandao mmoja bila kuelewana, kifaa huchukua ya aliyewahi kujibu, na leo kinafanya kazi kesho hakifanyi. Ukiweza, punguza fungu la ruta hadi anwani moja na uitenge kwa kifaa kisichokuwepo. Usipoweza, weka ruta yako mwenyewe nyuma ya ile ya kampuni na ujenge mtandao wako hapo. Kuhakikisha ni nani anajibu, tumia sudo nmap --script broadcast-dhcp-discover. Inakuorodheshea kila seva iliyopo.

Yeyote atakayehamisha kazi kutoka ruta kwenda seva, aipe seva anwani isiyobadilika kwa mkono kwanza, kwa sababu mgawaji hawezi kusubiri kugawiwa. Azime ya ruta, kisha awashe ya seva. Halafu achukue karatasi, aandike anwani ya ruta, anwani ya kujaza kwa mkono kwenye laptopu ili kuifikia ruta hiyo pasipo DHCP, mfano 192.168.1.20, na hatua za kuwasha tena DHCP yake, abandike karatasi hiyo chini ya ruta, na amwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani ilipo.